Nyayo Bila Mchezaji: Fanani na Hadhira katika Maonyesho ya Sanaa ya Korea Ughaibuni

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kuwatuma wanafunzi nyanjani kukusanya fasihi simulizi anaijua adha hii. Mwaka mmoja wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu walirejea na wimbo wa bembelezi. Walikuwa wameuandika vizuri, ubeti baada ya ubeti, na kiitikio wamekipigia mstari. Nilipousoma darasani kwa sauti, msichana mmoja aliyekuwa ameusikia kwa nyanyake mwenyewe aliinua mkono.

"Mwalimu," akasema, "maneno ni hayo, lakini wimbo sio huo."

Sikuwa na jibu. Niliwapa alama zao, nikaendelea na somo. Sehemu ya jibu nimeipata baadaye, tena mahali nisipopatarajia: katika kitabu cha maonyesho ya sanaa ya Korea. Rafiki niliyesoma naye chuoni aliniletea kitabu hicho kutoka Marekani. Maonyesho yenyewe yaliitwa Only the Young: Experimental Art in Korea, 1960s–1970s. Yalianzia Seoul katika Jumba la Kitaifa la Sanaa ya Kisasa mnamo Mei 2023, yakahamia Jumba la Guggenheim jijini New York kuanzia Septemba 2023 hadi Januari 2024, kisha yakamalizikia katika Jumba la Hammer, Los Angeles, mnamo Mei 2024.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maonyesho hayo kwa istilahi tulizozizoea darasani: fanani, hadhira, utendaji na muktadha. Ieleweke tangu mwanzo kwamba sikufika New York. Nimeyasoma maonyesho haya kupitia maandishi na picha. Hata hivyo, kama tutakavyoona, upungufu huo si wangu peke yangu. Hata aliyesimama ndani ya Guggenheim, mara nyingi alikuwa akitazama picha ya tendo lililokwisha miaka 50 iliyotangulia.

Usuli na Muktadha

Hatuwezi kuihakiki kazi ya sanaa bila kuielewa jamii iliyoizaa. Vita vya Korea vilisitishwa mwaka 1953, vikaiacha nchi imegawika na kuharibika. Mwaka 1961 Jenerali Park Chung-hee alitwaa madaraka kwa mapinduzi. Chini ya utawala wake Korea Kusini ilijenga viwanda na barabara kwa kasi kubwa, lakini uhuru wa raia ukazidi kubanwa. Oktoba 1972 alitangaza utawala wa kijeshi na kuleta katiba mpya iliyojulikana kama Yushin. Mnamo Januari 1974 zikafuata amri za dharura zilizoharamisha hata kuikosoa katiba hiyo. Park alitawala hadi alipouawa mnamo Oktoba 1979.

Katika uwanja wa sanaa, palikuwa na maonyesho makubwa ya serikali yaliyoanzishwa mwaka 1949. Aliyetunukiwa huko ndiye aliyehesabiwa kuwa msanii. Vijana waliohitimu vyuoni katika miaka ya 1960 waliona kwamba mlango huo ni mwembamba mno. Wakaunda vikundi vyao, kimojawapo kikiitwa ST, yaani "nafasi na wakati". Wakaacha rangi na turubai, wakashika mchanga, moto, nguo, magazeti na miili yao wenyewe. Takriban kazi 80 za kizazi hicho ndizo zilizokusanywa katika Guggenheim.

Jambo la kuzingatia ni kwamba nyingi za kazi hizi hazikuwa vitu. Zilikuwa matendo. Hapa ndipo mwalimu wa fasihi simulizi anapojikuta nyumbani.

Hadhira Shiriki kando ya Mto Han

Tuanze na tendo la tarehe 17 Oktoba 1968. Wasanii watatu, Kang Kukjin, Jung Kangja na Chung Chanseung, walikwenda kando ya Mto Han jijini Seoul, wakachimba mashimo mchangani, wakaingia na kufukiwa. Waliohudhuria waliwamwagia maji. Walipotoka walijifunika karatasi za plastiki, wakaandika juu yake maneno ya kuwashutumu vigogo wa utamaduni, wakiwataja kuwa wadanganyifu na vipofu wa utamaduni. Hatimaye maandishi hayo yakachomwa. Tendo zima waliliita mauaji ya kando ya Mto Han.

Mtahiniwa anayeijua mada ya hadhira katika fasihi simulizi atatambua kwamba hapa hatuna watazamaji tu. Anayemwaga maji ni sehemu ya tendo. Ni yule yule anayeitikia "Paukwa!" kwa "Pakawa!", bila yeye hadithi haianzi. Tena, mpangilio wa tendo unafuata hatua tunazozijua katika miviga: kuzikwa, kuoshwa, kutamka na kuteketeza. Wasanii hawa hawakuiga mviga wowote mahususi, lakini walitegemea ufahamu wa kila binadamu kwamba anayeingia ardhini na kutoka si yule aliyeingia.

Je, maonyesho ya ughaibuni yalibeba nini cha siku hiyo? Yalibeba picha. Ndani ya picha kuna mchanga, kuna vichwa vilivyochomoza, kuna watu wamesimama. Hakuna baridi ya maji ya Oktoba, na muhimu zaidi, hakuna nafasi ya mtazamaji wa New York kushika ndoo. Hadhira shiriki imegeuzwa kuwa hadhira tazamaji. Maneno ni hayo, lakini wimbo sio huo.

Suala hili linamhusu zaidi Jung Kangja, mwanamke pekee kati ya hao watatu. Mei mwaka huo huo alikuwa ameshiriki tendo lingine katika ukumbi wa muziki wa Seoul, ambapo hadhira ilimbandika maputo angavu mwilini, kisha ikayapasua. Magazeti yaliuzungumzia mwili wake kuliko wazo lake. Mwaka 1970 maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifungwa na wenye mamlaka baada ya siku chache tu. Alifariki mwaka 2017, miaka sita kabla ya Guggenheim kumtundika ukutani. Mhakiki hana budi kuuliza: pongezi inayomfikia fanani akiwa kaburini ni ya nani? Naamini ni ya wanaoitoa. Hata hivyo ni afadhali kuliko kimya, kwa sababu binti anayesomea sanaa leo anaweza kulikuta jina lake.

Magazeti Yaliyokatwa: Ukimya kama Mbinu

Kazi ya pili ni ya Sung Neung Kyung, na kwa maoni yangu ndiyo iliyosafiri vyema kuliko zote. Mnamo Juni 1974, katika maonyesho ya kikundi cha ST, Sung alibandika ukutani gazeti la siku hiyo la Dong-A Ilbo. Akachukua wembe, akakata kila habari na kuiondoa. Picha na matangazo ya biashara yakabaki, na palipokuwa na habari pakabaki matundu. Vipande vilivyokatwa akavitia katika sanduku. Kesho yake akaleta gazeti jipya, akaanza tena. Kazi hiyo inaitwa Magazeti: kuanzia tarehe 1 Juni 1974.

Tuichambue fani yake. Tendo ni moja tu, kukata, lakini linabeba maana mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja Sung anafanya kazi ya mdhibiti wa serikali: anaondoa habari kabla hazijasomwa. Hii ni kejeli ya hali ya juu, kwani anayekejeliwa anaigwa kwa uaminifu bila neno la lawama. Kwa upande mwingine, anayekata hivyo hulazimika kuisoma kila safu, na aliyekuja kutazama hulazimika kujiuliza kilichokuwa kimeandikwa pale. Udhibiti wa kawaida hujificha. Udhibiti wa Sung unaonyesha tundu lake.

Historia iliongezea kazi hii sura ambayo msanii hakuipanga. Oktoba 1974 wanahabari wa gazeti hilo hilo walitoa tamko la kutetea uhuru wa kuandika. Kufikia Desemba, waliokuwa wakitangaza biashara zao gazetini walishinikizwa kujiondoa, na Dong-A Ilbo likachapishwa likiwa na nafasi tupu palipokuwa na matangazo. Wasomaji wa kawaida wakaanza kuzinunua nafasi hizo kidogo kidogo ili kuandika maneno ya kuwatia moyo wanahabari. Machi 1975 wanahabari zaidi ya 100 wakafutwa kazi. Zingatia jinsi mambo yalivyogeuka: Juni msanii aliondoa habari akaacha matangazo, Desemba mamlaka yaliondoa matangazo, habari zikabaki. Msanii hakuwa nabii. Alikuwa ameshika tu mahali panapouma.

Msomaji wetu anaifahamu hali ya kutunga chini ya mkono wa dola. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, na diwani yake Sauti ya Dhiki (1973) ni ya tungo alizozitunga gerezani. Tofauti ya wasanii hawa wawili inafaa kuzingatiwa. Kwa Abdilatif neno liliokolewa, likatolewa nje ya kuta likiwa zima na vina vyake. Kwa Sung neno liliondolewa, na pengo ndilo likawa ujumbe. Tunapofundisha kuhusu "kimya" kama mbinu ya sanaa, mara nyingi wanafunzi hudhani kwamba kimya ni kukosa la kusema. Gazeti hili ni mfano wa kuwaondolea dhana hiyo.

Kwa nini basi kazi hii ilisafiri vyema? Kwa sababu ilijengwa kwa pengo tangu mwanzo. Picha ya mto inapoteza maji. Picha ya gazeti lililokatwa haipotezi tundu. Tundu ni lile lile Seoul, New York, na katika kitabu kilicho juu ya meza yangu.

Hapa, Hapo, Pale

Kazi ya tatu inamhusu mwalimu wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 1975 Lee Kun-Yong alichora duara ardhini. Akasimama nje yake, akaliashiria kwa kidole na kutamka neno moja la mahali. Akaingia ndani, akaashiria chini, akatamka neno la pili. Akatoka, akaligeuzia duara mgongo, akaashiria nyuma yake na kutamka tena neno la mahali. Mwishowe akatembea juu ya mstari, akizunguka na kurudia neno la kuuliza: wapi, wapi, wapi. Basi. Kazi inaitwa Mantiki ya Mahali.

Kiingereza kina maneno mawili tu ya kuashiria mahali, moja la karibu na moja la mbali. Kwa hivyo anayeisoma kazi hii kwa Kiingereza hukuta neno la kwanza na la tatu ni lile lile. Lakini Kikorea kina maneno matatu: yeogi, ya mahali karibu na msemaji, geogi, ya mahali karibu na msikilizaji au palipokwisha kutajwa, na jeogi, ya mahali palipo mbali na wote wawili. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hahitaji kuelezwa zaidi. Ni hapa, hapo na pale.

Tuitende basi kazi hii kwa Kiswahili. Nje ya duara, ukilitazama: pale. Ndani: hapa. Umetoka na kuligeuzia mgongo: hapo. Neno hili la tatu lina uzito wake. Hapo hurejelea palipokwisha kujulikana, au palipo karibu na unayezungumza naye. Anayesema hapo anakiri kwamba kuna mtu wa pili anayemsikia na anayekumbuka. Kwa maneno mengine, sarufi yenyewe inamwita msikilizaji. Katika tafsiri yenye neno moja tu la mbali, msikilizaji huyo hana pa kusimama, na tendo linakuwa la mtu mmoja na mstari wake.

Darasa likitaka kubishana kwamba hapo litangulie na pale lifuate, mwalimu aliruhusu, mradi kila upande utoe sababu za kisarufi. Aidha, Kiswahili kina utajiri zaidi. Ngeli ya mahali inatupa hapa, huku na humu. Aliyeingia ndani ya duara aseme hapa au humu? Akisema hapa anataja mahali dhahiri, basi. Akisema humu, ameukubali mstari wa chaki kuwa ukuta, na yeye mwenyewe kuwa amezingirwa. Na anayetembea juu ya mstari, yuko ndani au nje? Ndiyo maana neno lake la mwisho ni swali.

Hapa mtahiniwa atahadhari. Ni rahisi kuandika kwamba duara ni ishara ya gereza na mstari ni ishara ya dikteta Park. Kazi yenyewe haisemi hivyo, na mhakiki hapaswi kuilazimisha. Tunachoweza kutetea kwa ushahidi ni hiki: katika nchi ambako dola ilikuwa ikiamua nani anasimama wapi na kusema nini, mtu mmoja alionyesha kwamba mahali hubadilika jina kulingana na anayesimama. Hilo linatosha.

Udhaifu wa Maonyesho

Sifa zisitufanye tufumbe macho. Kasoro ya kwanza ni anwani. Kwa Kikorea maonyesho haya yaliitwa tu sanaa ya majaribio ya Korea, miaka ya 1960 na 1970. Ni anwani ya Kiingereza iliyoongeza maneno yenye maana ya "vijana pekee". Anwani hiyo inavutia, lakini inapotosha. Lee Seung-taek, mmoja wa nguzo za maonyesho haya, alizaliwa mwaka 1932. Kufikia 1968 alikuwa na miaka 36. Kim Kulim alizaliwa mwaka 1936. Hatari ya anwani hii si hesabu ya miaka tu. Inaufanya upinzani uonekane kuwa tabia ya umri, kitu ambacho mtu hukikua na kukiacha. Sung na Lee hawakukiacha.

Kasoro ya pili inahusu vitu vilivyotengenezwa upya. Kwa mfano, mdomo mkubwa wa Jung Kangja uitwao Kiss Me ni wa mwaka 1967, lakini uliopo leo ulitengenezwa upya mwaka 2001. Hatulaumu kutengeneza upya. Tusingekuwa na kitu cha kutazama. Tunachosema ni kwamba miaka hiyo miwili hubanwa katika kibandiko kidogo, ilhali kati yake kuna hadithi nzima: msanii alikosa mahali pa kuitunza kazi, na jamii haikuiona kuwa ya kutunzwa. Hadithi hiyo ilistahili ukuta wake.

Hata hivyo kuna jambo moja linaloyapa maonyesho haya hadhi. Wasimamizi wake hawakuridhika na picha. Kim Kulim, Lee Kun-Yong na Sung Neung Kyung walialikwa New York, wakatenda upya mbele ya hadhira, wote wakiwa wazee. Mtu angesema kwamba hilo si tendo lile la awali, na angesema kweli. Hakuna amri ya dharura New York, na anayekata gazeti huko haogopi kubishiwa hodi usiku. Lakini ndivyo tunavyofundisha kila mwaka: mtambaji akirudia ngano, hairudii. Huitunga tena kwa ajili ya waliopo. Mikono iliyozeeka ikishika wembe ule ule ni utendaji mpya, wenye muktadha mpya, na ulihitaji hadhira mpya ili uwe.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba thamani ya maonyesho ya Guggenheim haimo katika kuturudishia Korea ya 1968 au 1974. Hayakuweza, na hakuna maonyesho yanayoweza. Yalifaulu zaidi pale yalipokiri pengo, kama katika gazeti la Sung na katika utendaji wa wazee wale, na yalififia pale yalipofunika pengo kwa anwani tamu au kibandiko kifupi. Kanuni hiyo inafaa kwa makumbusho makubwa na kwa daftari la mwanafunzi wa Kidato cha Tatu vilevile.

Nami nimebadilisha jambo moja katika kazi ya nyanjani. Siku hizi kila mwanafunzi anayeleta wimbo huandika juu yake nani aliimba, wapi, saa ngapi, na nani walikuwapo. Chini ya ubeti wa mwisho huacha nusu ukurasa mtupu wenye kichwa: Kisichoandikika. Wengine huandika humo kwamba mwimbaji alikuwa akipepeta mahindi. Wengine huandika kwamba alilia kidogo akakataa kueleza. Na wapo wanaouacha ukurasa ulivyo. Nao pia huwapa alama.

Maswali ya Marudio

1. "Picha ya mto inapoteza maji, lakini picha ya gazeti lililokatwa haipotezi tundu." Ukirejelea kauli hii, jadili hasara na faida za kuhifadhi fasihi simulizi kwa maandishi na kwa picha. (Alama 10)

2. Linganisha nafasi ya hadhira katika tendo la Mto Han la 1968 na nafasi yake katika ngano moja uliyoikusanya nyanjani. (Alama 10)

3. Eleza tofauti ya kimatumizi kati ya hapa, hapo, pale na humu, kisha uonyeshe jinsi kila neno lingebadilisha maana ya Mantiki ya Mahali. (Alama 8)